Kuliposa Gari la Mama Breki

Jumatano, 5 Machi

Gari letu la zamani limekufa. Safari hii kweli. Fundi alifunga boneti taratibu, akavua kofia, akanipa mkono wa pole. Nikamwuliza kama hakuna dawa yoyote ya kulisogeza hata wiki moja. Akasema nikilisukuma, mimi nitafika kabla yake. Sikucheka.

Na wiki yenyewe ndiyo hii! Mke wangu ni fundi wa mapazia. Miezi mitatu ameifukuzia kazi ya hospitali mpya: madirisha arobaini, mapazia na fimbo zake. Jana ameipata. Sharti ni moja tu. Jumatatu saa mbili kamili asubuhi awe pale na vifaa vyote, kwa usafiri wake mwenyewe. Asipofika, kazi anapewa fundi wa pili kwenye orodha. Matroni wa hospitali hana masihara.

Nimemwambia mke wangu suala la gari aniachie mimi. Akanyamaza. Nimechukulia kuwa amekubali.

Mchana nikaona tangazo kwenye ukuta wa duka. SUV ndogo, miaka sita, mmiliki mmoja, haijawahi kugongwa. Nikaenda mbio.

Jamani! Lilikuwa limesimama uani, rangi ya kijivu, limefutwa mpaka nikajiona ndevu kwenye mlango. Si gari la chini la kukwaruza tumbo kila tuta. Si lile dude kubwa la kuzibia watu barabara. Lipo katikati. Ukiingia hupandi wala huchuchumai, unakaa tu, kama kwenye kiti chako cha sebuleni. Nimelipenda papo hapo. Nikakunja uso. Mnunuzi mwenye akili hatabasamu.

Mwenye gari akatoka, roho ikaniruka. Mama Breki! Mtahini wa udereva, sasa amestaafu. Nusu ya mji huu ameifelisha yeye. Mimi alinifelisha mara mbili, miaka ishirini na mbili iliyopita. Leseni nilikuja kuipata kwa mtahini mwingine aliyekuwa na haraka zake. Nikaomba asinikumbuke. Akaniangalia kidogo, akasema, "Wewe ndiye uliyesimama kwenye taa ya kijani."

Nikamweleza kwamba nilikuwa nachukua tahadhari. Akasema anakumbuka, hata waliokuwa nyuma yangu walinipongeza kwa honi.

Masharti ya mama huyu sijapata kuyasikia popote. Bei ameshaipanga, haipandi haishuki, na sisi tunaimudu. Anachotafuta ni mkono salama. Anasema gari hili haliuzi, analiozesha. Kila mposaji analichukua kutwa moja, kisha analeta ripoti ya maandishi: uzuri wake na kasoro zake. Kasoro alizitaja mara mbili. Atatoa jibu Jumapili.

Kabla ya hapo kuna mtihani wa ndoo. Anaweka ndoo mbili za maji uani, unarudi nyuma upite katikati. Nilipita. Ndoo moja ilipita na mimi. Mama Breki akasema maua yake yameshukuru, halafu akaniambia kesho nije kulichukua gari, ila nije na mke wangu akae pembeni.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Nikamkuta mwanyumba sebuleni. Yaani mume wa dada wa mke wangu, wakala wa bima, mtu anayejua kila kitu na ushahidi wake anao kwenye kidaftari cha mfukoni. Gari analo! Zima! Lakini ameliona tangazo lile lile, na yeye amepewa Jumamosi. Anasema kwa mtu wa hadhi yake, gari lililoinuka kidogo linapendeza zaidi. Akanikumbusha kwamba yeye kwenye mtihani wa ndoo hakumwaga hata tone.

Vita imeanza.

Alhamisi, 6 Machi

Siku yangu na gari. Nimeamka mapema, nimevaa shati la kola.

Niandike kwa utulivu. Ukibonyeza kitufe linawaka mara moja, halikohoi, halijiulizi. Nilidhani limezimika, kumbe linanguruma kwa adabu. Gia ni otomatiki, zinapita bila mtu kujua. Barabara ya nyuma ya soko, ile yenye mashimo yaliyozaa mashimo mengine, tumepita na kikombe cha chai mkononi mwa mke wangu. Hakikumwagika! Kwenye gari letu marehemu, njia ile ilikuwa inamtoa mtu hereni.

Uchochoro wa kwa fundi viatu tumegeuza mara moja tu, bila kwenda mbele na nyuma kama mtu aliyesahau kitu. Kilima cha tangi la maji limekipanda huku kiyoyozi kikiwaka. Ukirudi nyuma, kioo kidogo kinakuonyesha kilichopo. Nimeona paka. Paka naye akaniona. Kila mmoja akaenda zake kwa amani. Mafuta linakunywa kwa kubembelezwa. Kutwa nzima mshale umesogea unene wa kucha.

Mke wangu akaomba aendeshe kidogo. Nikamwambia kulipima gari ni kazi ya kitaalamu, atavuruga vipimo vyangu. Akasema sawa. Akaomba basi tupitie karakana yake ajaribu kupakia fimbo za mapazia. Hilo nikalikubali.

Buti lake, jamani, ni chumba. Viti vya nyuma ukivilaza, unaweza kupangisha. Fimbo arobaini ziliingia, marobota ya vitambaa yakaingia, ngazi ikaingia. Lakini mke wangu hakuisha maneno. Mara viti vikilazwa vinaacha kijingazi, sakafu haiko sawa, kwa hiyo fimbo zikishuka kilima zinateleza mbele mpaka kwenye gia. Mara kioo cha nyuma ni chembamba na nguzo yake ya kushoto ni nene, pikipiki ikija upande ule huioni. Akatoa futi yake ya kitambaa akapima kile kijingazi. Akaandika kwenye kiganja!

Nikamwambia mposaji hasemi kasoro za bi harusi mbele ya mama mkwe. Akanyamaza tena. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini huyu nimeishi naye miaka kumi na tisa, huwa ananyamaza tu.

Jioni nimeandika ripoti. Kurasa mbili, mwandiko wa kulala. Nimelisifia kila kiungo, mpaka wipa. Mwishoni nimeweka ubeti mmoja wa shairi. Kisha nikaandika: Kasoro, hakuna.

Mama wa watu atalia.

Ijumaa, 7 Machi

Hakulia. Amesoma kurasa zote mbili akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Ubeti aliupiga mstari. Kwenye neno "hakuna" akaweka alama ya kuuliza. Akaniambia kusifu nimesifu, kupima bado. Nikamwomba nafasi ya kuongeza kasoro moja mbili. Akasema wakati umekwisha, kama vile bado tuko chumba cha mtihani.

Nimetoka pale nikiwa na mawazo. Ripoti yangu imeyumba. Basi ni lazima ya mwanyumba ianguke. Hii ni hesabu tu.

Nimemkuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, hawezi kukimbia. Nikaketi kiti cha pili nikahema kwa huzuni. Akauliza vipi. Nikasema afadhali nisiseme. Akauliza tena. Nikasema haya, kwa kuwa sisi tumeoa nyumba moja, siwezi kukuacha uingie shimoni. Nikashusha sauti. Nikamwambia, moja, ukikanyaga breki gari linavuta kushoto. Mbili, kiyoyozi kinatoa harufu ya soksi mbichi. Tatu, kilimani linalia sauti ya mbuzi.

Hiyo ya mbuzi ilinitoka tu, sikuwa nimeipanga. Lakini nimeipenda.

Mwanyumba alitoa kidaftari chini ya kile kitambaa cha kinyozi, akaandika yote matatu. Akanishukuru! Akasema hakujua kwamba nina moyo hivi. Nimetembea mpaka nyumbani nikipiga mluzi. Kaingia mkenge. Kesho atapiga simu kwa Mama Breki aseme hataki tena, na mimi nitabaki mposaji peke yangu.

Nilipofika, mke wangu alikuwa anapanga vitambaa vya hospitali sakafuni, chumba kwa chumba. Wodi ya watoto ameipa njano. Aliniuliza kama kuna habari ya gari. Nikamwambia ajiandae tu. Akasema amejiandaa tangu miezi mitatu iliyopita.

Jumamosi, 8 Machi

Mwanyumba hakupiga simu. Amelichukua gari!

Nimemfuata kwa baiskeli ya jirani, nimevaa kofia ya jua ya mke wangu ili nisijulikane. Watu watatu wamenisalimia kwa jina.

Nilichokiona sitakisahau. Mwanyumba aliendesha mpaka kona ya pili, akaegesha kwenye kivuli cha ukuta wa shule, akafungua gazeti. Saa nne nzima! Hakugusa kilima wala mashimo. Gari lile, lenye uwezo wote ule, linakaa kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Liliniuma. Nilitaka nikamgongee kioo nimwambie, ndugu yangu, hebu lipe hata kilima kimoja ulione. Lakini nilikuwa na kofia ya kike.

Saa saba mchana akakunja gazeti, akatoa kidaftari, akanakili kitu kwenye karatasi safi, akalirudisha gari.

Nimekaa kuanzia hapo nikijiuliza anaandika nini mtu ambaye hajaendesha. Ana nini cha kusema? Hana kitu. Nimelala kidogo mchana, nimeamka na furaha. Nimeshinda.

Nilimwambia mke wangu gari ni letu. Alikaa kwenye kochi ghafla, akafunika uso kwa mikono, kisha akacheka. Sijamwona akicheka hivyo muda mrefu. Akampigia dada yake. Akampigia na matroni kumthibitishia. Sikumzuia.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya jibu. Niandike pole pole.

Mama Breki ametuweka barazani, mimi na mwanyumba, kila mtu na kiti chake, mbali mbali kama watahiniwa. Akamsomea mwanyumba ripoti yake kwa sauti. Moja, breki inavuta kushoto. Mbili, soksi mbichi. Tatu, mbuzi.

Kasoro zangu! Ameziiba! Zimewekwa na namba!

Mama Breki hakugomba. Alimwomba mwanyumba waingie ndani ya gari, amwonyeshe. Mimi nikakaa nyuma. Mama Breki mwenyewe akakanyaga breki mara nne, usukani ameuachia kabisa. Gari lilisimama limenyooka kama uzi. Kiyoyozi kikatoa hewa baridi, safi. Tukapanda kilima. Kimya. Mama Breki akamwuliza mwanyumba kama mbuzi amelala. Pamoja na yote, niliona fahari kidogo. Lilipanda vizuri mno.

Mwanyumba jasho lilimtoka. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu hata nusu hakufika. Akanigeukia, akaninyooshea kidole, akasema yote. Kwa kinyozi, kiti cha pili, neno kwa neno. Akasoma mpaka tarehe kwenye kidaftari.

Mama Breki akazima gari. Akasema mmoja amelisifia bila kuliangalia, akalisingizia mbele ya watu. Mwingine hata kulisingizia hakuweza mwenyewe. Gari linabaki kwake. Akaingia ndani akafunga mlango.

Nikaenda nyumbani kumwambia mke wangu. Nilizunguka mtaa mara tatu kwanza. Alikuwa anashona pazia la mwisho, la wodi ya watoto. Nikamweleza. Nikajaribu kuanza na ubaya wa mwanyumba lakini nikaona haifai, nikasema yote, mpaka mbuzi. Nilitegemea agombe. Kugomba nimekuzoea.

Alisimamisha cherehani. Akasema, "Baba watoto, mimi sikutaka umshinde mtu. Nilitaka nifike kazini."

Nimeona aibu. Si ile aibu ya barazani. Hii imeingia ndani kabisa. Miezi mitatu mwanamke huyu amekwenda hospitali ile kwa miguu, na sampuli begani, mara sita, mara saba. Na mimi nilikuwa nahesabu kasoro za mwanyumba.

Akakata uzi, akavaa viatu, akachukua futi yake na fimbo moja ya pazia, akatoka. Nikadhani anamfuata mwanyumba. Nikamwonya shemeji yangu, mke wa mwanyumba, kwa simu afunge mlango. Akasema hawajamwona, na akaongeza kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Yeye na mume wake wanapenda sana kuongea.

Jumatatu, 10 Machi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, honi mbili fupi getini. Nikachungulia dirishani.

Gari! La kijivu! Na kwenye usukani, mke wangu!

Kwanza nilifikiri ameliiba. Hapana. Jana alikwenda kwa Mama Breki. Hakunitetea, wala hakunisema. Alimwambia yeye alikaa pembeni Alhamisi na ana ripoti yake, ila haikuandikwa popote zaidi ya kiganjani. Akamtajia kijingazi cha viti. Akamtajia nguzo ya nyuma na pikipiki. Kisha akamwambia suluhisho lake: atashona mto mnene wa mabaki ya mapazia, ukijaza kile kijingazi fimbo hazitelezi tena, vipimo anavyo. Na upande wa nguzo atabandika kioo kidogo cha ziada. Mama Breki akasema kijingazi hicho kimemsumbua miaka sita na hakuna aliyekiona. Akatoa ndoo. Mke wangu akapita katikati, maji hayakutikisika. Akapita tena kwa mara ya pili bila kuombwa, kwa raha tu.

Asubuhi kabla ya jua kukolea walikwishaandikiana. Kadi itatoka kwa jina la mke wangu.

Hakukuwa na muda wa kuuliza mengi. Tumepakia fimbo, marobota, ngazi, sanduku la zana. Mto ulikwishashonwa usiku, kule karakanani alikolala, umekaa pale kama uliozaliwa na gari. Mimi nimewekwa nyuma ya kiti chake, katikati ya wodi ya wazazi na wodi ya upasuaji, magoti kidevuni. Nimesema kitu kuhusu heshima ya baba wa nyumba. Fimbo moja ikanigusa sikio, nikanyamaza.

Ndipo nikaliona gari hili linavyoendeshwa. Mimi Alhamisi nilikuwa nimelishikilia. Yeye analiachia. Mashimo ya soko anayachagua, kulia, kushoto, linamfuata. Kwenye foleni ya daraja ameingia upenyo ambao mimi ningeuandikia barua kwanza. Kilima cha tangi la maji, mzigo wote ule, na mimi juu yake, limepanda bila manung'uniko. Tukashuka upande wa pili. Nikakaza macho kwenye fimbo. Hazikusogea hata moja! Nilitaka kupiga makofi lakini mikono ilikuwa chini ya robota.

Saa mbili kasoro dakika kumi tukaingia hospitali. Na kumbe! Fundi wa pili kwenye orodha alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, futi shingoni, anasubiri tuchelewe. Matroni alitazama saa yake. Akatutazama. Akamwambia fundi wa pili asante kwa kuja.

Mke wangu alisimama kidogo kwenye mlango wa wodi ya watoto, madirisha matupu, jua linaingia lote. Kisha akaniambia nishike ngazi. Nimeshika ngazi kutwa nzima na sikuchoka. Mtu asije akaniambia kwamba mwanamke huyu hakuipata kazi hii kwa haki.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata muda wa kutafakari, na jambo limenidhihirikia wazi. Mpango wangu umefanikiwa! Nani alimwondoa mwanyumba? Ni mimi. Nani alimpeleka mke wangu kwenye gari lile Alhamisi? Ni mimi. Kama nisingemkera mpaka akatoka nyumbani, angemwona Mama Breki saa ngapi? Nimemweleza hivyo wakati wa chai. Alinitazama, akasogeza sahani ya mkate upande wangu. Sijui maana yake.

Leo gari limeegeshwa uani, mke wangu anashona hapa hapa nyumbani, hospitali wanapaka rangi dari. Nikaomba ufunguo nizunguke nalo mtaa mmoja tu.

Ndipo nikaambiwa. Kuna sharti moja la mauziano ambalo halikufika masikioni mwangu. Mimi siruhusiwi kugusa usukani wa gari hili mpaka nifanye mtihani upya, kwa Mama Breki mwenyewe, Jumamosi saa tatu. Nikamwuliza mke wangu kwa nini hakupinga. Akasema alikubali kabla yule mama hajamaliza sentensi.

Nilikwenda nikakaa ndani ya gari, kiti cha abiria, mlango wazi. Asubuhi nzuri. Viti vinanukia vitambaa vipya. Nikatazama ule usukani mkono mmoja kutoka kwangu. Hakuna mtu duniani anayelipenda gari hili kama mimi, na hilo nitalisema mahali popote. Nitalifanyia mtihani kwa moyo safi, kwa kufanya mazoezi, kwa kusoma alama zote za barabarani upya.

Au.

Mlinzi wa maegesho ya soko aliwahi kuniambia Mama Breki miaka thelathini alitahini watu njia ile ile moja. Kona ile ile, tuta lile lile, mahali pa kuegesha pale pale. Mtu akipajua mapema pa kukata usukani, atafeli vipi?

Nimenunua chaki pakiti mbili. Nimeipita njia nzima kwa miguu nikichora mishale pembeni mwa barabara: hapa punguza, hapa kunja, hapa simama, hapa tazama kioo hata kama hutaki. Imenichukua saa tano. Trafiki mmoja aliniuliza ninafanya nini, nikamwambia utafiti. Nimemaliza saa tisa alasiri, kiuno hakina kazi, furaha tele.

Saa tisa na robo mvua imenyesha. Kubwa. Nimesimama kibarazani nikiitazama inavyoosha barabara yote, mshale kwa mshale.

Hakuna neno. Chaki ilikuwa kosa la kitaalamu. Rangi ya mafuta haitoki.